Jiwe na Upande Wake

Ndola, Jumapili ya mvua ya kwanza. Huu ni mwaka wa thelathini na moja tangu nitoke Lubumbashi.

Mjukuu wangu Mbuyi, bibi yako anakusalimu. Goti lake limepona. Unauliza kama mijusi unaowahesabu sasa, wasioishi popote ila kwenye kilima kile kimoja cha Lubumbashi, wataokoka. Wataokoka. Enzi za Zaire chuo kilinituma kuwahesabu. Nilifunua mawe, nikayaacha wazi. Wiki iliyofuata mayai yao yalikuwa yamekauka juani.

Mama Kapinga, aliyelima karanga pale chini, aliniambia, "Profesa, unafungula nyumba ya bantu, hata mulango haufunge?"

Nilirudisha kila jiwe kwa upande wake uleule. Mwaka uliofuata nilikuta mayai mapya.

Nawe ufunike vivyo hivyo. Nisalimie kilima; mimi sitarudi.