Jani la Isale kwa Luteni

Jumatatu, 8 Juni
Ukungu tena. Mzinga umeshapakwa grisi. Luteni Nkya kaja na droni na kishikwambi. Droni inaona shabaha, kishikwambi kinapiga hesabu, mzinga unageuzwa. Dakika moja. Mimi na jedwali langu la masafa na penseli, dakika sita. Miaka kumi na tisa naipigia mizinga hesabu. Naogopa kupelekwa stoo kuhesabu mablanketi.

Jumatano, 10 Juni
Mazoezi bila makombora. Droni inapima urefu kuanzia pale inaporushwa. Jana tuliirusha kutoka bondeni, leo kutoka kilimani, na Luteni akasahau kuingiza kwenye kishikwambi kimo cha mahali papya. Mtu aliyekulia Kibosho, mlimani, hakosi kuona hilo. Kwetu hata kuomba chumvi kwa jirani ni kupanda au kushuka. Niliona. Nikanyamaza. Hesabu ikaenda kombo. Mkuu wa kikosi akamfokea Luteni mbele ya wote: Ijumaa ni makombora ya kweli, mkikosea vifaa vinarudi vilikotoka. Nilicheka moyoni. Mchana wali wangu nikamwachia mwenzangu.

Alhamisi, 11 Juni
Nimejichukia kutwa nzima. Luteni ni binti wa watu, ana adabu. Cheo kanizidi, lakini tukiwa nje ya gwaride ananiamkia shikamoo. Jioni nikapanda nyumbani kwa mama, nikakata jani la isale mpakani mwa kihamba, shamba letu la ukoo, nikalifunga fundo. Kwetu anayeomba msamaha kwa isale hakataliwi. Nilimkabidhi Luteni kwenye geti la kambi. Mchaga mwenzangu, hakuuliza la nini.
"Sajini, kumbe uliona?"
"Niliona, afande."
"Kesho usininyamazie."

Ijumaa, 12 Juni
Kabla ya kufyatua, Luteni kapiga hesabu kwa kishikwambi, mimi kwa jedwali. Majibu hayakulingana. Nikasema kwa sauti kwamba kuna kosa, kifua mbele. Tukarudia. Aliyekosea ni mimi, kwenye jedwali nimesoma mstari wa chini ya ule unaotakiwa! Aibu. Yeye akacheka, nikacheka. Kombora la kwanza, shabaha katikati. Nilipiga kelele hadi sauti ikakauka.

Jumapili, 14 Juni
Nimetoka kanisani. Mlima uko wazi leo. Mkuu kapenda tulivyohakikiana, ameagiza kila hesabu ya droni ihakikiwe kwa jedwali. Nitawafundisha wenzangu penseli, Luteni atanifundisha kishikwambi. Stoo siendi tena.
Mama anamenya ndizi za mtori. Kauliza nani kakata isale yake. Nikamwambia ni mimi, nilimkosea mtu kazini.
"Kapokea?"
Nikamjibu kapokea. Mama akaendelea kumenya.