Saruji ya Baba

Quinua, 3 Agosti 1994. Asubuhi jalidi, baadaye jua kali.

Baba mpendwa, shikamoo. Mimi mzima, ila goti halipendi baridi. Kifua chako vipi na ukungu wa Lima?

Nimeanza kuitengeneza nyumba kabla ya mvua. Ukuta wa chumba chako ulikuwa na doa la maji; nikaugonga, ukaitika kama mtungi mtupu. Fundi Fortunato akabandua kipande cha lipu yako ya saruji. Matofali ya udongo nyuma yake yamelainika, yanachoteka kwa kijiko. Anasema saruji imeuziba udongo pumzi: maji yaliingia, yakakosa pa kutokea. Nataka kuibandua yote.

Mwanao,
Hermelinda

Lima, 20 Agosti 1994

Mwanangu, marahaba. Kifua hakijambo, mke wa kaka yako Wilber ananinywesha chai ya majani ya mkaratusi mpaka natoa jasho la kijani.

Usiiguse saruji. Nilipoipiga, mtaa mzima ulikuwa na kuta za tope. Siku ile waliacha kutudharau. Wilber anasema tubomoe, atajenga ya zege. Subiri. Mkono wa kike haushiki timazi.

Baba yako,
Saturnino

Quinua, 9 Septemba 1994. Upepo na vumbi.

Baba, shikamoo. Nimefurahi kifua kimetulia.

Nimeibandua yote. Pembe moja ilianguka, lakini paa tulikuwa tumeshaliegemeza kwa magogo, na hakuna aliyeumia. Majirani wamekuja kwa ujima, wanakanyaga udongo na majani makavu. Nawapikia supu, nawapa chicha ya mahindi iliyochachuka vizuri. Ndugu yako Teófilo alisimama mlangoni akicheka, akauliza kama nairudisha nyumba zama za babu.

"Baba mdogo," nikamwambia, "ya babu ilisimama. Hii ndiyo ilikuwa inaoza imevaa suti."

Akavua viatu, akaingia matopeni.

Sibomoi. Wilber zege lake alimwage kwake. Humu nalala mimi. Kazi ikiisha, mwenye nyumba ndiye huweka kanisa dogo la udongo juu ya paa, la kuilinda nyumba, unajua. Njoo mwisho wa Oktoba uliweke.

Mwanao,
Hermelinda

Quinua, 6 Novemba 1994. Mawingu tangu alfajiri.

Baba, shikamoo. Hukujibu. Naomba iwe ni hasira, isiwe kifua.

Jumapili iliyopita tulikungoja mpaka chicha ikakaribia kuisha. Fortunato akashika ngazi, akauliza nani anapanda. Nikapanda mimi na kanisa kwapani. Mtu mmoja chini akasema hajapata kuona sketi juu ya paa. Nikamwambia aitazame vizuri, maana sishuki mpaka udongo ushike.

Leo alasiri imenyesha mvua ya kwanza, ya mawe. Nimezunguka vyumba vyote, nimelaza shavu kila ukutani. Pakavu. Lipu ya udongo na utomvu wa dungusi imeshika, na vigae tulivyopanga upya havivuji.

Ukija, kitanda chako kipo. Usipokuja, nyumba itasimama vilevile.

Mvua bado inapiga. Miaka yote, usiku kama huu nilikesha nikihamisha mabeseni. Sasa ni saa tatu kasorobo. Nazima taa, nalala.

Mwanao,
Hermelinda