Darubini ya Mzee Yohana

Kilosa, Jumamosi

Nilikosea, na Mzee Yohana alinicheka mbele ya mwenye duka.

Yeye ndiye mwindaji wa kijiji cha ujamaa karibu na Mikumi. Kibali chake ni cha swala madume tu, wenye pembe. Mwaka jana, giza likiingia, alipiga jike lenye mimba. Akirudia, bwana nyama, afisa wa wanyamapori, atamnyang'anya bunduki.

Leo nilimsindikiza kununua darubini; dukani palikuwa na mbili. Nikaisifia kubwa, maana inavuta mbali zaidi. Mzee aliomba tukae nazo barazani mpaka jua lizame. Mbuzi wakawa wanarudi kutoka mlimani.

"Shika hiyo kubwa yako. Yule wa nyuma ana pembe?"

Niliona weusi unaotikisika tu.

"Haya, shika ndogo."

Haikuvuta mbali sana, ila ilileta mwanga zaidi: pembe niliziona wazi, hata sikio lililochanika.

"Mchana kweupe kila darubini ni nzuri, bwana mwandishi. Labda swala wa gazetini kwako ndio hutoka saa sita mchana."

Akachukua ndogo. Kesho jioni anaingia porini. Nilimuuliza, je, asipoziona pembe hata kwa hiyo, atafanyaje?

"Sipigi. Kijijini watakula kunde."