Maji ya Mama Yamenigomea

Ijumaa ya Julai. Baridi kali, Mlima Meru umejifunika wingu tangu asubuhi, na mimi sina hamu ya kuongea na mtu. Ndiyo maana naandika.

Kwa msiojua kazi yangu ya maabara: nachukua mirija ya kaboni, myembamba kiasi kwamba darubini ya kawaida haiioni, najaribu kuitawanya ndani ya maji. Yenyewe haiyapendi maji. Inashikana mabonge na kutua chini kama masizi. Kwa hiyo naongeza polima, molekuli ndefu kama uzi, inayojizungusha kwenye kila mrija ili usimgande mwenzake. Ikikubali kukaa imetawanyika, tunataka kuitumia kutengeneza chujio la kuondoa floraidi kwenye maji ya kunywa.

Floraidi haihitaji utambulisho hapa Arusha. Ndiyo inayotupa meno ya kahawia. Kwetu, upande wa Ngarenanyuki, haiishii kwenye meno. Inakaza na viungo. Mama yangu hawezi tena kuinama kufunga kamba za viatu vyake.

Nimehangaika na polima moja tangu mwaka jana. Wiki hii, kwa mara ya kwanza, chupa ilishinda na kulala bila kitu kutua chini. Nyeusi tii, kama wino. Kwa furaha nikampigia kaka yangu Eliya nikajisifu. Eliya akamwambia mama.

Leo mama akaja bila taarifa. Nilimkuta kwenye geti la maabara, kwenye benchi la walinzi, amejifunga kitenge mabegani, dumu la maji miguuni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nimekuletea maji ya nyumbani. Eliya kasema dawa imepatikana."

Nilimweleza kwamba bado, kwamba hii ni hatua tu. Akasema basi aione hiyo hatua.

Msimamizi wangu, Dokta Massawe, alimwamkia kwa heshima, akamkalisha ofisini kwake na kumpa chai. Nikaleta chupa. Mpaka leo nilikuwa natumia maji yaliyotoneshwa, yasiyo na chumvi hata chembe. Jaribio la maji ya kisimani nilikuwa naliogopa, nalisogeza mbele kila wiki. Lakini mama alikuwa ananitazama. Nikamimina maji yake kidogo, nikatikisa.

Chai yake haijapoa, wino ukaanza kukatika. Vipande vyeusi vikajitokeza, vikazama taratibu. Juu yakabaki maji meupe.

Mama akatabasamu.

"Yamekuwa meupe," akasema, na kunyoosha mkono. "Naweza kuonja?"

Sijui kama nimewahi kuchoka kama nilivyochoka dakika ile.

Nikamshika mkono. "Hapana, mama. Hivyo ndivyo inavyoharibika."

Dokta Massawe alinieleza kwa upole kile nilichokuwa nimeshakiona. Polima yangu inaitenganisha mirija kwa chaji ya umeme: kila mmoja unamsukuma mwenzake. Chumvi za maji ya kwetu zimeifunika ile chaji, mirija ikarudiana. Itafutwe polima isiyotegemea chaji, yenye mwili wa kutosha kukaa katikati na kuitenga. Maana yake, kuanza upya.

Nilimsindikiza mama stendi. Anatembea polepole siku hizi, anasimama kila tukipandisha. Njiani nikamwomba asiwaambie watu kijijini kwamba dawa ipo.

"Sitawaambia."

"Na itachukua muda, mama. Sijui muda gani."

Akakaza kitenge mabegani, akatazama mbele mpaka tukafika kwenye gari. Nilidhani ameudhika.

"Mimi magoti yangu yameshajifia, Ndeshi," akasema. "Sikuja kwa ajili yangu. Mtoto wa Eliya ndiyo kwanza anaota meno."

Akapanda. Akakaa dirishani, akanipungia kama mtu anayetoka sokoni tu.

Nilirudi chumbani kwangu, Lemara, nikajitupa kitandani na viatu. Nililia kidogo. Sasa nimekaa, naandika.

Jumatatu naanza na polima nyingine. Nitaijaribu ndani ya maji ya nyumbani kuanzia siku ya kwanza. Yakinigomea tena, afadhali yanigomee mapema, mtoto bado anatambaa.