Siku Niyubahwe Alipokataa Kubebwa

Gwarama, Kakonko
Jumapili, 9 Machi 2025

Mpendwa binti yangu Pelagia,

Amahoro, mwanangu. Huko Tabora mnaamkaje? Mume wako mzima? Na huyo mjukuu wangu mchanga, ananyonya vizuri? Sisi wazima, mihogo ipo, na mimi bado ndiye mzee mwenye sura nzuri kuliko wote Gwarama. Mama yako anabisha, lakini macho yake siku hizi hayaoni vizuri.

Nimeandika kwa sababu simu hukata kabla hadithi haijanoga. Nasikia wamekusimulia habari za Niyubahwe, mtoto wa kaka yako. Wote wamekosea. Shangazi yako Ange anasema dawa yake ndiyo ilimponya. Kaka yako Nkunzimana anasema yeye ndiye alishtuka kwanza. Waongo! Nilishtuka mimi, tena kwa hasira.

Sikiliza. Mtoto alikuwa na homa, ziwa hataki. Winnie, mama yake, akaniletea, maana unajua hakuna mtoto hapa aliyewahi kulia mapajani kwangu. Nikamnyanyua. Akapiga yowe, kilio chembamba, kikali, si chake. Nikamlaza mkekani, akatulia. Nikambeba tena, yowe!

"Huyu ananikataa mimi?"

"Kachoka na hadithi zako," Ange akanicheka.

"Weee Ange, mtoto akibebwa hunyamaza. Huyu kumbeba ndiko kunamuumiza! Hebu futa hayo majani yako."

Alikuwa amempaka majani ya kusaga utosini, eti ndiyo dawa. Tulipofuta, loo, utosi umevimba, umekaza kama andazi. Sikungoja maneno. Bodaboda, Winnie na mtoto katikati, mimi nyuma, mpaka hospitali Kibondo. Nkunzimana akatufuata mbio na baiskeli.

Daktari kumgusa tu, akasema huenda ni homa ya uti wa mgongo. Wakaanza kumchoma dawa ya mshipa hapo hapo. Halafu wakataka kutoa maji kidogo mgongoni, wajue ni mdudu gani. Kaka yako akasimama mlangoni.

"Mgongo wa mwanangu hamtoboi! Wote waliotobolewa wamekufa."

Nesi mmoja, Mwanaamina, akamweleza taratibu kwamba sindano inaingia chini kiunoni, na waliokufa waliuawa na ugonjwa, waliletwa wamechelewa. Wapi! Kichwa cha Nkunzimana unakijua. Basi nikavua shati, nikamwonyesha kovu langu la mgongoni.

"Mimi walinitoboa nikiwa kijana, nilipougua hivi hivi. Nimekufa? Wewe nani kakuzaa?"

Akaliangalia kovu, akaniangalia mimi, akawapisha mlangoni. Wakatoa maji, ikawa ndiyo homa yenyewe.

Mtoto alianza kucheka mapema, Winnie akataka warudi nyumbani. Wakamkatalia mpaka sindano zote ziishe, na walifanya vizuri. Wakasema pia arudi kupimwa masikio, maana ugonjwa huu huacha watoto wengine viziwi. Yamepimwa, mazima. Nikianza kusimulia anageuka. Winnie anasema anatafuta njia ya kukimbia.

Sasa wewe, mwanangu, huyo mchanga wako mpeleke chanjo zote. Akipata homa akakataa ziwa, au analala mno hata kuamka shida, au ukimbeba analia zaidi, usimpake kitu. Usingoje shingo ikakamae, wachanga wengine haikakamai kabisa. Ondoka saa ile ile. Na wakitaka maji ya mgongo, wakubalie.

Msalimie mkweo na mume wako. Mama yako, Ange na Winnie wanakusalimu. Mungu akae mlangoni kwenu, ugonjwa ukija ukute pamejaa.

Mimi baba yako nikupendaye kuliko hao waongo wote,
Felisiani

Ngoja kidogo. Lile kovu ni la baiskeli. Nilianguka nikitoka Manyovu na mikungu ya ndizi, nikaangukia jiwe. Mgongo huu hakuna aliyewahi kuutoboa. Mengine yote ni kweli, hasa ile ya sura. Lakini kaka yako usimwambie. Winnie ana mimba nyingine, na huenda kovu hilo likahitajika tena.