Baiskeli ya Tadeo Ndani ya Nyumba

Jumatatu, 11 Juni 1984

Ukungu tangu asubuhi. Sioni hata zizi. Baridi inaingia mpaka kwenye meno.

Tadeo ameifunga baiskeli ndani ya nyumba! Amechimbia miti miwili ya mkalitusi sakafuni, yenye panda juu, akaegesha ekseli ya nyuma. Gurudumu linaning'inia. Anapanda, anapiga pedali, haendi popote. Chumba ni kile alichokuwa analala mdogo wake, Letisia. Aliniuliza kwanza. Nikasema sawa. Sijui kwa nini nilisema upesi hivyo.

Hatutoki. Tangu tulipomzika Letisia baada ya Pasaka — surua — nyumba hii ina metimani. Hatupiti njia za watu, hatuchoti kwenye chemchemi ya watu, hatuli kwao wala wao kwetu. Ili msiba wetu usiwafuate wengine. Maji tunachota kwenye mfereji wetu.

Na siku ya Saba Saba kuna mashindano ya baiskeli, Mbulu mpaka Basotu, kule kwenye mashamba ya ngano. Watakaotangulia watachukuliwa karakana ya matrekta, wafundishwe ufundi, wakae huko huko. Tadeo ni kijana mzima, hana kazi. Hiyo habari ameing'ang'ania kama kupe.

Jumatano, 13 Juni

Gurudumu tupu ni jepesi, anasema, halifundishi miguu. Amekata ukanda wa tyubu kuukuu, ameupitisha juu ya tairi. Upande mmoja umefungwa mtini, upande wa pili unaning'iniza kikapu. Mimi ndiye natia mawe. Jiwe moja ni tambarare ya Hanang. Mawe mawili ni Dongobesh. Lile kubwa la kusagia, lililovunjika, ni mlima wa Magara, ule wa kushukia ziwani.

— Mama, nipe Magara!

Natia Magara. Anainuka kwenye kiti, jasho linadondoka, mvuke unamtoka mgongoni kama ng'ombe aliyetoka kulima. Nikamwambia pole. Usiseme pole mama, sema kaza! Nikasema kaza. Sauti ilitoka kama ya mtu mwingine.

Baba yake akachungulia mlangoni.

— Umefika wapi?

— Karibu na Magara, baba.

— Ukifika uninunulie samaki.

Mume wangu Margwe ndivyo alivyo. Nilijua ni kichekesho. Hakikuniingia.

Jumapili, 17 Juni

Kengele ya kanisa. Padre alituma watu waseme Mkristo hana metimani, njooni tu. Margwe hakwenda kwa sababu ya majirani. Mimi sikwenda kwa sababu — sijui. Nilikaa.

Wifi yangu Efrazia alikuja mpaka kwenye minyaa ya uzio. Hasogei zaidi. Anaongea kwa kupaza sauti, Endagikot nzima inasikia.

— Wifi! Huyo mtoto wako bado anakwenda?

— Bado anakwenda.

— Kuta hazijachoka kumwona?

Halafu akashusha sauti, yaani kwake yeye kushusha. Baba mkwe, mzee Akonaay, amesema nyumba hii haifunguliwi na wazee. Kwa ukoo wao, akifa mtoto mdogo, anayefungua ni mama. Siku mama atakaposema nimemaliza, basi. Watu watapita kwetu, tutapita kwao, Tadeo atatoka. Asiposema, hakuna wa kumlazimisha.

Neno moja tu wifi, akasema. Si gunia la ngano.

Jumanne, 19 Juni

Grisi hakuna mjini kote. Nikauona mnyororo umekauka, unalia, nikaupaka samli. Mimi mwenyewe! Nikafikiri nimesaidia. Asubuhi paka ameulamba wote, ameacha manyoya, na majivu ya mekoni yamegandia kwenye meno ya nyuma. Tadeo akatazama mnyororo, akamtazama paka.

— Mama, hii ni baiskeli au bibi harusi?

Akacheka mpaka akaketi chini.

Tukauvua, tukauosha kwa mafuta ya taa yaliyobaki kwenye koroboi, kwa kitambaa, pingili moja moja. Kazi ya vidole ni nzuri. Vidole vinajua vyenyewe. Akanifundisha na spoku. Unaipiga kwa ukucha, ikilia ting imekaza, ikilia tup imelegea. Nikazipiga zote. Ting. Ting. Tup. Baadaye nikajikuta nimekaa bado napiga, na yeye alishatoka zamani kwenda kukamua.

Ijumaa, 22 Juni

Ukungu. Ugali. Gurudumu.

Jumatatu, 25 Juni

Balozi wetu wa nyumba kumi, Nikolausi, amekuja. Akaingia mpaka ndani, kutuonyesha kwamba haogopi.

— Mama Tadeo, serikali ilishakataza mambo haya. Mwache kijana atoke.

Nikamkaribisha chai. Ah, chai! Eti amekunywa kwake, tumbo limejaa. Akakitazama kikombe kama mtu aliyekuta nyoka kitandani. Alipotoka akapita kwenye majani, hakukanyaga kijia chetu. Serikali imekataza, lakini balozi anaogopa chai yangu! Hapo nilitaka kucheka. Kicheko hakikuja.

Tadeo akasema angeweza kutoka kabla watu hawajaamka, nani atamwona. Halafu mwenyewe akasema hapana. Shangazi Efrazia ana mtoto mchanga. Mtoto akija kuugua, watasema ni gurudumu la Tadeo lililopita mlangoni kwao. Hataki.

Ni mtoto mwema. Angekuwa mkorofi ingekuwa rahisi. Angetoka tu, mimi ningepiga kelele, basi.

Alhamisi, 28 Juni

Ameniuliza. Hakunitazama, alikuwa anaziba pancha.

— Mama, umemaliza?

— Bado.

— Haya mama.

Akapanda. Mawe akatia mwenyewe, Magara na juu yake jiwe jingine, sijui ni mlima gani huo. Ukanda ukanuka kuungua.

Nimemaliza nini? Nikisema nimemaliza, ni nini kimekwisha? Mtoto si unga kwamba unakung'uta debe, unasema umekwisha. Na sijamlilia hata vizuri. Wenzangu walilia siku ile, mimi nilikuwa nawahesabia vikombe. Moyo kama mguu uliokaliwa. Unaubonyeza, unajua ni wako, hausikii.

Jumatatu, 2 Julai

Nilikuwa nje nachambua maharage, gurudumu likanyamaza. Nikainuka mbio, maharage yote chini! Nikamkuta anakunywa maji.

— Nini mama?

— Hakuna.

Likizunguka najua yuko wapi. Ndiyo hiyo. Barabara ya Basotu wakati huu wa mavuno ni malori ya ngano, vumbi tupu, dereva haoni mbele. Na akifika salama ni vibaya vilevile, atabaki. Atalala kwenye mabweni ya shamba na watu gani? Nani atajua kwamba akinyeshewa kidogo tu kifua kinabana?

Naogopa. Nimeokota maharage moja moja. Tangu Pasaka sijasikia kitu kama hiki, na kimekuja kwa ajili ya huyu aliye hai.

Kwa hiyo bado yangu ni ya nani? Namwambia Tadeo bado, naye anadhani nasema habari za Letisia.

Alhamisi, 5 Julai

Gidamis, fundi wa kule shambani, amemtumia Efrazia ujumbe, naye akaupiga kelele kutoka kwenye minyaa. Jina la Tadeo limeandikwa. Wanaondokea sokoni Jumamosi jua likichomoza. Asiyetokea haitwi tena.

Margwe akanikasirikia. Akasema sema au usiseme, Mama Tadeo, lakini hiyo bado yako ya kila siku, kijana anaila kama chakula. Akazunguka nyumba, akarudi, akaniwekea blanketi mabegani. Hajui kukasirika sawasawa.

— Wewe ungesema? nikamwuliza.

Akasema yeye hakuulizwa. Akaenda kuwaona ng'ombe ambao hawakuwa na shida yoyote.

Ijumaa, 6 Julai

Ameishusha baiskeli. Yamebaki mashimo mawili sakafuni.

Amesugua rimu kwa majivu mpaka zinang'aa. Amekata soli ya kiatu kuukuu, ametengeneza mpira wa breki. Pampu kwenye fremu. Tyubu ya akiba amejizungushia kiunoni kujaribu, akaonekana kama mwanamgambo. Hakuuliza neno. Hata kwa macho hakuuliza, na hilo ndilo lililonishinda, nikatoka nje.

Nilijaribu kulisema peke yangu zizini. Nime. Ng'ombe akageuka akanitazama. Nikaacha.

Jumamosi, 7 Julai

Kumekucha. Efrazia yuko kwenye minyaa tangu giza halijaisha, mtoto mgongoni, na watu wa kwake nyuma yake. Wamekuja kusikia.

Tadeo ameoga maji baridi. Shikamoo mama. Marahaba mwanangu. Ameisimamisha baiskeli mlangoni. Gurudumu la mbele limegusa kizingiti, nje halijafika.

Nikasema kunywa chai kwanza. Akanywa amesimama.

Nikasema tairi la nyuma nadhani halina upepo. Akalibonyeza, gumu kama jiwe. Akachukua pampu, akalijaza hivyo hivyo kwa ajili yangu. Halafu akangoja.

— Wifi! Jua hilo!

Margwe ameegemea zizi, amevua kofia.

Nikafungua mdomo. Nikasema Basotu kuna baridi ya ziwani, ngoja nikutafutie sweta. Nikaingia huku chumbani. Naandika upesi, kalamu inateleza. Nasikia kengele ya baiskeli, ameigusa mara moja tu, taratibu, kama mtu anayebisha hodi.

— Mama? Umeiona?

Nimemwambia bado natafuta.

Sweta nimeikalia.