Bahati ya Masanja

Jumatatu, 3 Machi
Vipande vitatu vya nyama kutoka chumba cha upasuaji vimeoshwa. Cha nne ni cha kaka Masanja. Uvimbe wa paja, saizi ya embe dogo. Uzi mfupi ni juu, mrefu ni upande wa nje, kama daktari alivyozifunga kuonyesha pande. Mkuu wa maabara alitaka nimwachie mwenzangu. Nimekataa. Swali ni moja tu: kingo za kipande ni safi? Zikiwa na ugonjwa, mguu unakatwa. Kaka ni mchimbaji wa dhahabu Geita. Hajui kazi nyingine, wala hataki kuijua.

Jumanne, 4 Machi
Nimekizamisha kwenye mafuta, nikagongagonga chupa mpaka mapovu yakaisha. Mashine yetu ya sumaku, ya kupiga picha za ndani, ni ya mezani, inameza chupa tu. Imenguruma kutwa.

Mungu wangu. Miaka yote navikata hivi vitu kwa kisu, kumbe ndani kuna haya. Nyuzi za misuli zimelala kama pamba iliyochambuliwa. Mishipa inagawanyika mpaka macho yanashindwa. Ni nyama ya kaka yangu, na ni nzuri. Naona aibu kuandika hivyo.

Halafu, ukingo wa nje: giza. Upana wa kidole gumba. Halionyeshi kitu.

Jumatano, 5 Machi
Nimedhani ni povu. Nimerudia. Giza liko palepale.

Nimeenda wodini kwa kaka. Shikamoo, marahaba, nikamuuliza kama aliwahi kuumia pale. Akacheka. Kipande cha tindo kilimrukia akiwa ndani ya duara, shimo la mgodi, zamani. Hakukitoa. Wenzake walimwambia mwamba umemjua, akikitoa ataitupa bahati.

Chuma huziba picha ya sumaku, na fomu ya kipimo nilijaza mimi. Nilimuuliza ana chuma mwilini, akasema hana. Hakudanganya. Kwake kile si chuma, ni bahati. Nimekasirika mpaka machozi.

Alhamisi, 6 Machi
Tumekata penye giza. Punje ya chuma, ndogo kuliko ulezi! Kitu kidogo hivyo kufunika pote pale. Nimeitoa kwa kibano, nikaiweka kando. Nyama iliyoizunguka imeingia kwenye nta, ikatwe nyembamba kwa hadubini. Majibu kesho. Ugali umenishinda.

Ijumaa, 7 Machi
Safi. Mtaalamu wa hadubini katazama mara mbili. Safi pande zote. Nimekaa chini sakafuni, na koti langu jeupe.

Jumapili, 9 Machi
Kaka kaomba punje yake. Nimempa, ndani ya kichupa. Wabeja, kasema, asante ya kwetu. Kaitia mfuko wa shati, kashika magongo, kaenda chooni polepole. Nimehesabu nyayo zinazogusa sakafu, kushoto na kulia. Mbili.